Kubadilisha buji za Toyota Ist nyumbani, Lubumbashi: shajara ya mradi

Buji ni zile plagi zinazotoa cheche ya kuwasha esansi (petroli) ndani ya injini. Gari ni Toyota Ist ya 2004, usukani kulia, injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, silinda nne. Liliteremshwa melini Dar es Salaam, likavuka Zambia na kuingilia mpakani Kasumbalesa kama ndugu zake wengi wa hapa mjini. Injini hiyo hiyo imo ndani ya Probox, bB, Platz na Vitz kadhaa, kwa hiyo mwenye gari la jamii hii anaweza kufuata hatua hizi karibu zote. Bei ninazoandika ni nilizolipa mimi baada ya kubishana.

Jumamosi, 7 Juni 2025: kutafuta silinda inayolala

Juni hapa asubuhi unaongea moshi unatoka mdomoni, na ni katika asubuhi hizo gari lilipoanza ukaidi. Linazungushwa muda mrefu kabla ya kuwaka. Likiwaka, linatetemeka kwenye ralanti (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) hadi kioo cha pembeni kinacheza, na ekzosti (bomba la moshi) inatoa harufu ya esansi mbichi. Likipata joto linatulia kidogo, ila ukiondoka kwenye taa za barabarani linajivuta kama limebeba saruji.

Garaji moja iliniomba dola 40, kazi na piyesi (vipuri) pamoja. Nilipouliza buji za aina gani, jibu likawa "za Toyota". Hapo ndipo nilipoamua kufanya mwenyewe.

Nilianza na kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani ili simu isome makosa ya injini. Hakikuunganika kabisa. Magari mengi ya miaka ile yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayaelewani na vifaa hivi vya bei nafuu, kwa hiyo usitupe kifaa chako ukidhani kimekufa. Kijaribu kwanza kwenye gari jingine. Toyota hizi zina njia ya zamani: kwenye soketi ile ile unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Hesabu matundu vizuri kabla ya kuingiza waya, maana tundu la 16 lina umeme wa bateri saa zote. Yangu ilipepesa harakaharaka bila kupumzika, yaani hakuna kosa lililohifadhiwa.

Ikabaki njia ya masikio. Unazima gari, unachomoa plagi ya umeme ya bobini moja (kifaa kinachoipa buji umeme mkali), unawasha, unasikiliza kidogo, unazima, unarudishia, unahamia inayofuata. Silinda nzima ukiinyima umeme, injini inazidi kutetemeka. Silinda iliyokwisha kulala haibadilishi kitu. Usikawie, kwa sababu esansi isiyoungua inaenda moja kwa moja kwenye ekzosti. Ukisimama mbele ya gari ukiitazama injini, silinda ya 1 iko kushoto kwako, upande wa mnyororo. Nilipochomoa ya 3, injini haikujali.

Jumanne, 10 Juni: kununua buji

Buji inayoifaa injini hii ni Denso K16R-U11, au NGK BKR5EYA-11. Inafaa kuzisoma herufi hizo kabla ya kwenda dukani, kwani muuzaji atakuambia "zote zinaingia". Kwa Denso, K inakuambia hesi (nyuzi za kufungia) ya kipenyo cha milimita 14, urefu wa hesi milimita 19 na kichwa cha duyi (soketi ya kufungulia) ya 16. Namba 16 ni kiwango cha joto, yaani jinsi buji inavyoondoa joto, R ni kizuizi cha umeme kilichomo ndani, na 11 ni mwanya wa milimita 1.1 ambao cheche inauruka. Kwenye kiwango cha joto, 16 ya Denso ni sawa na 5 ya NGK, na kwa kampuni zote mbili namba ikipanda buji inakuwa ya baridi zaidi. Bosch wao wanahesabu kinyume. Nani atayakumbuka hayo akiwa amesimama juani? Yaandike kwenye karatasi.

Nilikwenda na multimeta (kipima umeme) mfukoni. Duka la kwanza, upande wa soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), lilikuwa na boksi safi lenye jina kubwa, nne kwa dola 10.

"Papa, hizi njo orijinali. Zinatoka Dubai."

Nilitoa moja nikaigeuza mwangani. Maandishi kwenye kauri yalikuwa yameinama kidogo, elektrodi ya katikati (ncha inayotoa cheche) ilikuwa imeegemea upande, na hesi zilikuwa na makwaruzo unayoyasikia ukipitisha ukucha. Nikashika washa (pete ya chuma kwenye hesi) kwa vidole viwili, nikaizungusha: ikashuka kwenye hesi na kubaki mkononi. Kwenye buji halisi washa hiyo imebanwa isitoke kwa vidole. Kisha nikaweka ncha za multimeta, moja juu, moja kwenye elektrodi ya katikati. Buji yenye R huonyesha kilo-omu kadhaa, mara nyingi karibu na 5. Ile ilisoma sufuri, yaani herufi R imeandikwa nje na ndani hakuna kitu.

Muuzaji hakukasirika. Alilirudisha boksi kwenye rafu, pale pale lilipokuwa, likimsubiri mteja anayefuata.

Duka la pili lilikuwa na zilizotokea Ndola, Zambia, dola 4 kila moja. Washa hazikutoka, na zote nne zilisoma kati ya kilo-omu 4 na 5. Nikachukua hizo. Walikuwa na za iridiamu pia, dola 14 moja, zinazoweza kufika kilomita 100,000 zikiwa halisi. Za kawaida hazipaswi kuzidi kama 20,000. Kwa soko letu naona bora hizi za kawaida. Ukipigwa kwa dola 16 utasahau, lakini dola 56 za iridiamu bandia zitakukosesha usingizi.

Duyi ya 16 yenye raba ya kushikilia buji sikuipata. Nilichukua ndefu isiyo na raba, dola 6.

Jumamosi, 14 Juni: kufungua

Injini iwe baridi. Kichwa cha injini ni cha alumini, na kufungua buji kikiwa na moto ndiyo njia ya haraka ya kung'oa hesi. Swichi imefungwa, ufunguo uko mfukoni. Bateri sikuigusa kwa makusudi: redio nyingi za Kijapani zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri, na wewe na muziki mnaagana. Kwa kazi hii ufunguo ukiwa mfukoni inatosha.

Bobini nne, kila moja na bolti moja ya 10. Plastiki ya miaka ishirini imekuwa kavu, na ulimi wa plagi ya bobini ya 2 ulikatika nilipoubonyeza taratibu kabisa. Niliufunga baadaye kwa kamba ya plastiki ya kubania nyaya, nao unashika vizuri. Kabla ya kuchomoa ulimi wowote, isukume plagi mbele kidogo ili ulimi ulegee, ndipo ubonyeze.

Vumbi letu jekundu lilikuwa limejaa kuzunguka kila bobini. Vumbi hilo likianguka ndani ya silinda linasaga kama msasa. Sina kompresa, ila nina pampu ya baiskeli na ile sindano ya kujazia mpira wa miguu. Hewa inatoka nyembamba, inafika hadi chini ya shimo. Pepeta kabla ya kutoa bobini, na mara ya pili baada ya kuitoa.

Bobini ya 1, 2 na 4 zilitoka kavu. Ya 3 ilitoka kwa kunyonya, *fyoo*, na raba yake inang'aa kwa mafuta. Nilimulika tochi ndani ya shimo na sikuiona buji, ila mwanga ukirudi kutoka kwenye oili nyeusi. Ukifungua buji katika hali hiyo, oili yote na uchafu wake inateremka ndani ya silinda. Kwenye duka la dawa nilipata sindano ya cc 20 na kipande cha mpira wa serumu, vyote kwa franga 2,000. Nikavuta oili, nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta, nikavuta tena, nikamalizia kwa kitambaa kwenye ncha ya bisibisi.

Buji ya 1, 2 na 4 zilikubali. Kwa kuwa duyi haina raba, buji inalegea lakini inabaki chini shimoni. Kwa hiyo, chukua bobini yenyewe, isukume chini hadi raba yake iikamate buji, kisha vuta vyote pamoja.

Ya 3 ilikataa. Mzee jirani, aliyezeekea kwenye garaji za kampuni ya migodi ya Gécamines, alikuwa amekaa upande wa pili wa ua akiota jua. Alipoona nimesimama kwa miguu miwili na mkono wa kliki (wa kuzungushia duyi) unapinda, aliinuka.

"Mwana, wacha kwanza. Motere ni ya aliminiyo. Filetaje ikitoka na buji, utanunua kilasa nzima."

Filetaje ni hizo hesi, kilasa ni kichwa cha injini. Akaniambia nizungushe kwa kukaza kidogo, kama upana wa kucha, ndipo nilegeze. Ilisogea ikalia, ikakwama. Tukaipulizia dawa ya kulegeza kutu kuzunguka mzizi wake, tukafunika shimo kwa kitambaa, tukaiacha ilale.

Jumapili, 15 Juni: buji ya 3 inatoka, mpya zinaingia

Baada ya misa. Shimo lilinyonywa dawa iliyobaki, kisha robo ya robo mzunguko kulegeza, kurudi kukaza, dawa kidogo, tena. Ukisikia mlio wa kukwaruza, rudi nyuma. Kazi ya subira tu. Ilipotoka, hesi za kichwa cha injini zilikuwa salama, na washa ya buji ilikuwa imepondwa ikawa bapa kama sarafu. Aliyeifunga mara ya mwisho alitumia nguvu zake zote.

Kuzipanga buji nne za zamani juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda ndiko kulikonifundisha zaidi ya kitu chochote. Tatu zilikuwa na ncha za rangi ya kahawia iliyofifia, ambayo ni afya, ila mwanya ulifika milimita 1.4. Ya 3 haikuwa hata ya aina moja na wenzake: ilikuwa na kiwango cha joto 20 badala ya 16. Ncha yake ilikuwa nyeusi na yenye unyevu wa esansi, na kwenye kauri yake nyeupe kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama wa penseli, ulioshuka kutoka juu hadi kwenye chuma. Mstari huo ni njia ya umeme. Cheche badala ya kuruka ndani ya silinda ilikuwa ikiteremka nje ya buji na kuishia kwenye chuma cha injini.

Kufunga mpya: pima mwanya kwa vijani vya chuma vya kupimia hata kama boksi linasema 1.1. Moja yangu ilikuwa 1.0, nikaipanua kwa kuvuta ule mkono wa pembeni tu, bila kuigusa elektrodi ya katikati. Hesi zifungwe kavu. Mekanisiye wengi hupaka grisi, lakini buji hizi zina mipako ya kuzuia kutu tayari, na grisi inakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Kuziingiza nilitumia kipande cha mpira wa esansi, urefu wa kiganja na nusu. Unachomeka juu ya buji, unaishusha, unazungusha mpira kwa vidole. Hesi zikikaa vibaya mpira unateleza wenyewe, kwa hiyo huwezi kuharibu. Ikifika mwisho kwa vidole ndipo duyi inaingia. Sina ufunguo wa kupima nguvu, kwa hiyo nilitumia kipimo cha mzunguko: buji mpya yenye washa, ikishagusa, nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Utasikia washa ikipondeka, halafu ugumu unapanda ghafla. Ukiirudisha buji iliyokwisha kutumika, washa yake imeshalala, na hapo ni kama sehemu moja ya kumi ya mzunguko.

Nikawasha. Ilishika papo hapo, harufu ya esansi ikapungua. Lakini mtetemo ulibaki, mdogo zaidi, unakuja na kuondoka.

Jumamosi, 21 Juni: bobini

Kipimo cha bure: hamisha bobini ya 3 iende silinda ya 1, ya 1 ije ya 3. Baada ya kubadilishana, ugonjwa ulihamia silinda ya 1. Kwa hiyo buji mpya haina kosa, mgonjwa ni bobini.

Niliikagua raba yake kwa tochi. Ndani, karibu na mdomo, kulikuwa na ufa usiozidi unene wa unywele, na pembeni yake ule ule mstari wa penseli niliouona kwenye kauri, umechapika kama muhuri. Oili ilikuwa imeilainisha raba hadi ikapasuka, na umeme ukapata njia. Ukibadilisha buji peke yake na kurudisha raba yenye alama hiyo, buji mpya itachorwa mstari wake.

Raba peke yake sikuipata mjini. Nilipata bobini ya okazio (iliyokwisha kutumika) iliyotoka kwenye Probox, dola 12. Muuzaji alitaka kunithibitishia kwa multimeta, nikakataa kwa heshima: bobini hizi zina kifaa cha kielektroniki ndani yake na plagi ya nyaya nne, kwa hiyo kipimo cha omu hakikuambii mengi. Nilimwomba tuichomeke kwenye gari langu lililokuwa nje. Ralanti ikatulia hapo hapo, kioo cha pembeni kikakaa kimya. Nikalipa.

Jumatatu, 30 Juni: oili inarudi, joini inabadilishwa

Nilikuwa nimetazama shimo la 3 katikati ya wiki: oili imeanza kukusanyika tena. Chanzo ni joini (gasketi) ya kifuniko cha juu na raba zinazoziba mashimo ya buji. Piyesi nilizinunua mapema, dola 14 seti nzima na dola 3 za silikoni, kwa kuwa siku ya Uhuru maduka hayafungui.

Bolti na nati za kifuniko zilitoka bila matata. Joini ya zamani haikutoka: ilikuwa imekauka ikawa kama plastiki, ikavunjika vipandevipande. Ziba kila tundu la chini kwa vitambaa kabla ya kuanza kukwangua, na uvihesabu vitambaa. Kwangua kwa kipande cha mbao au plastiki, kwani bisibisi inaacha michirizi kwenye alumini na oili itapita humo.

Silikoni inapakwa sehemu mbili tu, pale kifuniko cha mnyororo kinapokutana na kichwa cha injini. Nimeona watu wakizungushia silikoni joini nzima, ikibanwa inateleza ndani na kwenda kuziba njia za oili. Bolti zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda nje, kwa mkono mwepesi.

Jambo ambalo garaji nyingi huliruka: vali ya kupumulia ya injini, ile ndogo yenye mpira kwenye kifuniko hicho hicho. Itoe uitikise. Ikiwa nzima inalia *chaka-chaka*. Yangu ilikuwa bubu, imejaa tope la oili. Ikiziba, shinikizo la ndani linatafuta pa kutokea na kusukuma oili kupita kwenye joini, hata mpya. Dawa ya kabureta, kuloweka, kutikisa, ikaanza kulia. Gari lililala bila kuwashwa ili silikoni ikauke.

Jumamosi, 19 Julai: ukaguzi na hesabu

Nilifungua silinda ya 3 tena. Shimo kavu, raba kavu, ncha ya buji rangi ya kahawia sawa na nyingine. Asubuhi yenye baridi kali gari linashika mara moja. Kwa kujaza tanki na kujaza tena, matumizi yameshuka kutoka karibu lita 10 hadi 8.2 kwa kilomita 100, mjini, pamoja na msongamano wa barabara ya Kasenga.

Kwa dola: buji 16, duyi 6, dawa ya kutu 4, dawa ya kabureta 4, bobini 12, joini 14, silikoni 3. Jumla dola 59, na franga 3,000 za sindano, mpira wa serumu na kamba za plastiki. Ni zaidi ya zile 40 za garaji, ingawa za garaji zilikuwa za buji tu. Kwa buji peke yake, mimi ni dola 30, na duyi inabaki nyumbani.

Bobini ya okazio sijaiamini bado, ina umri wa gari. Nitalifungua tena shimo la 3 mwezi wa Oktoba kabla ya mvua. Nikipata raba mpya kutoka Ndola, nitaijaribu kwenye bobini ya zamani na kuandika hapa kama imefufuka.